KILWA IPI? MANAHODHA WA ZAMANI NA MASHINE ZA LEO

Mitihani inanukia, ila leo naomba niiweke pembeni falsafa ya elimu. Nina jambo linalowagusa jamaa wa kompyuta na sisi watu wa historia kwa pamoja.

Siku hizi kuna kitu kinaitwa wakala wa akili mnemba. Kwa kifupi ni modeli ya lugha iliyopewa zana za kazi: ya kutafuta nauli, ya kusoma faili, ya kutuma ujumbe. Modeli haioni ndani ya zana. Inachoona ni jina lake, maelezo yake, na taarifa za kujaza. Kwa hayo tu inaamua itumie zana ipi na lini. Tangu 2024 upo hata utaratibu wa pamoja wa kuzieleza zana hizo, Model Context Protocol. Maelezo yakiwa mabovu, mara nyingi mashine haikuulizi, "mkuu, ulimaanisha nini?" Inakisia, inasonga mbele.

Jamani, pwani yetu ilishakutana na shida hii zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Ahmad ibn Majid alizaliwa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah, katika ukoo wa manahodha. Mnamo 1490 hivi alikamilisha kitabu chake kikubwa cha ubaharia, Kitab al-Fawa'id. Aliandika pia Sufaliyya, maelekezo ya njia ya kwenda Sofala kwenye biashara ya dhahabu, yakipitia pwani yetu na Kilwa ikiwemo. Nakala yake ilihifadhiwa Leningrad, na msomi Shumovsky akaichapisha 1957. Maelekezo ya namna hii yaliitwa rahmani, na neno letu "ramani" huhusishwa na hilo hilo.

Fikiria msomaji wa rahmani. Yuko katikati ya bahari, usiku, na mwandishi yuko mbali au ameshafariki. Ana maandishi na chombo mkononi, basi. Tofauti yake na wakala wa leo iko wapi?

Chombo chenyewe kiliitwa kamali (sio ile ya kucheza, tafadhali!). Ni kibao chenye uzi wa mafundo. Unauma fundo, unakishika kibao mbele ya macho, unapima nyota iko vidole vingapi juu ya bahari. Kidole kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Nyota kuu ilikuwa Jahi, nyota ya kaskazini. Sasa patamu hapa: Kilwa iko karibu digrii 9 kusini mwa Ikweta, na huku Jahi haionekani kabisa. Mwandishi ambaye angesema tu "pima Jahi" angemtelekeza nahodha. Ndiyo maana mabaharia wale walikuwa na nyota za akiba: Jahi ikishuka sana wanahamia Farkadani, kisha Nashi. Maelezo mazuri yanataja kazi ya zana, mahali inapoishia, na cha kushika baada ya hapo.

Halafu vipimo. Mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka ukiulinganisha na jua, wakati kusi na kaskazi hufuata jua. Ukimwambia nahodha "ng'oa nanga mwezi fulani wa Hijria", baada ya miaka michache umempoteza. Kwa hiyo siku za safari zilihesabiwa kwa Nairuzi, mwaka wa siku 365. Sisi nasi tuna mtego wetu: saa 2 asubuhi ya bibi yangu ni saa 8 ya kompyuta. Msicheke. Mwaka 1999 Marekani walipoteza chombo chao cha anga, Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ilitegemea vya metriki.

Na majina je? Waliosoma historia wananipata. Ukikuta "Kilwa" kwenye habari za Ibn Battuta, aliyefika 1331, hiyo ni Kisiwani. Ukiikuta kwenye habari za misafara ya karne ya 19, kwa kawaida ni Kivinje. Ukiambiwa leo uende ofisi za wilaya, ni Masoko. Kilwa tatu!

Sasa tuseme mwenzetu anatengeneza zana ya maji kujaa na kupwa kwa wavuvi wa Kilwa na Lindi, akaandika: "Hutoa taarifa za maji." Maji yapi, ya bomba? Mimi ningeandika hivi: "Hutoa saa za maji kujaa na kupwa kwa bandari moja, siku moja. Taja jina kamili: Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko ni mahali tofauti. Saa ni za mtindo wa 24, si za Kiswahili. Haitoi upepo wala mawimbi. Bandari isipopatikana, sema haipo. Usichukue ya jirani." Sentensi chache tu, lakini mvuvi anayetoka na ngalawa wakati wa bamvua anazitegemea.

Jambo la mwisho. Ibn Majid aliwaheshimu waandishi watatu waliomtangulia, ila aliwalaumu kuwa walikusanya habari bila kuzijaribu wenyewe. Kwa hiyo ukimaliza kuandika, mpe wakala kazi halisi, tazama anapokosea, rekebisha maneno.

Nadhani kazi hii inatuhusu sana sisi walimu watarajiwa. Kumweleza jambo mtu asiyeweza kukuuliza ndiyo fani yetu. Tukiwaachia wasiojua kwamba Kilwa ziko tatu, mashine nazo hazitajua.

Haya wadau, mwenye mfano wa Mikindani au Lindi mjini alete. Tuko pamoja.