Plagi baridi, turbo na pwani yetu: historia fupi

Wadau, leo tunaweka seva na programu kando kidogo, tuzungumzie chuma.

Kuna swali lisilokauka katika gereji za huku kwetu, kuanzia Mtwapa na Kilifi hadi Malindi: "Gari langu lina turbo, nitie plagi baridi zaidi?" Kila fundi ana jibu lake, na majibu mengi ni ya kurithi. Mtu anabadilisha plagi zote nne, anaongeza msukumo wa turbo akiamini sasa ana kinga, na baada ya muda anatafuta pistoni. Kanuni imetufikia bila historia yake, kama programu iliyonakiliwa bila maelezo. Basi tuirudishie historia.

Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch kule Stuttgart, alitengeneza magneto ya volti nyingi pamoja na plagi yake. Shida ya cheche ikapata ufumbuzi, ikabaki shida ya joto. Ncha ya kauri ya plagi inatakiwa ifike takriban nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe. Ikipita sana nyuzi 800, inaweza kugeuka kaa la moto na kuwasha petroli kabla cheche haijaruka. Kazi yote ya kuchagua plagi iko katikati ya mipaka hiyo miwili.

Plagi moto ina kauri ndefu, joto linachelewa kufika kwenye chuma cha silinda hedi. Plagi baridi ina kauri fupi, joto linatoka haraka. Cheche ni ile ile. Plagi baridi haipoozi injini. Inaipooza ncha yake tu.

Hapo ndipo penye kosa kubwa la gereji: kuchanganya maradhi mawili. La kwanza ni kuwaka mapema, yaani kitu chenye moto mkali ndani ya silinda kinawasha mchanganyiko kabla ya wakati. Kama kitu hicho ni ncha ya plagi, plagi baridi ni dawa. La pili ni injini kugonga: cheche imeruka vizuri, lakini mchanganyiko uliobaki pembeni unalipuka wenyewe kwa sababu ya joto na mgandamizo. Hapa plagi baridi haina msaada wa maana. Dawa yake ni petroli yenye okteni ya juu, hewa iliyopoozwa, cheche kucheleweshwa kidogo, au kupunguza msukumo.

Wahandisi walilijua hili zamani. Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya turbo mwaka 1905, lakini magari ya kawaida ya petroli yenye turbo yalifika sokoni mwaka 1962 huko Marekani: Chevrolet Corvair na Oldsmobile Jetfire. Injini ya Jetfire ilikuwa na mgandamizo wa 10.25 kwa 1, mkubwa sana kwa turbo. Walifanyaje ili isigonge? Waliweka tangi la maji na methanoli, yakanyunyiziwa kwenye hewa inayoingia. Walitibu hewa, hawakuishia kwenye plagi.

Sasa tuje Kenya. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka 30 washindi wote walikuwa na injini zisizo na turbo, Joginder Singh na Shekhar Mehta wakiwemo. Mwaka 1983 Hannu Mikkola alimaliza wa pili na Audi Quattro ya turbo. Mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda na Toyota Celica Twincam Turbo, ikawa mara ya kwanza turbo kushinda Safari. Toyota ikarudia mwaka 1985 na Juha Kankkunen, na 1986 na Waldegård tena.

Ile Celica ilikuwa na silinda nne lakini plagi nane, mbili kwa kila silinda. Faida ya plagi mbili ni kwamba moto una njia fupi, mchanganyiko unamalizika kabla haujapata nafasi ya kujilipukia. Kwa hiyo ushindi ule haukutegemea namba ya plagi peke yake. Ulitegemea injini iliyopangwa nzima.

Wadau wa kompyuta mtaipenda hii sehemu ya namba. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa Champion na Bosch za sasa, namba ikipanda plagi ni moto zaidi. Halafu Bosch wenyewe waligeuza mwelekeo: katika mfumo wao wa zamani W225 ilikuwa baridi kuliko W175, lakini katika mfumo mpya W5 ni baridi kuliko W7. Ni ule ugomvi wetu wa baiti ipi itangulie, isipokuwa huku ukikosea unaunguza pistoni. Usinunue "namba kubwa zaidi" bila kuangalia kampuni.

Turbo zilifika kwa wananchi kupitia bandari ya Mombasa, katika magari yaliyotumika kutoka Japani. Colin McRae aliposhinda Safari ya 1997 na Subaru Impreza, jina hilo likazidi kung'ara. Lakini injini nyingi za turbo za Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo viwango vyao vinataka okteni isiyopungua 96. Ukizitilia petroli yenye okteni ndogo, kugonga kunakaribia, na plagi baridi haiongezi okteni.

Kisha kuna jambo letu la pwani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina mgandamizo wa karibu bar 0.82. Malindi ni karibu bar 1.01. Chukua turbo inayodhibitiwa na springi tu, imewekwa kuongeza bar 0.5 juu ya hewa ya nje. Nairobi injini inapata 1.32, Malindi inapata 1.51. Hiyo ni takriban asilimia 14 zaidi, bila mtu kugusa kitu, na hewa yenyewe ni ya joto. Kompyuta nyingi za injini za kisasa hupima na kurekebisha, lakini ukishafunga kifaa cha mkono cha kuongeza msukumo, umeizima akili hiyo. Gari lililopangwa Nairobi likawa salama linaweza kuteremka Voi, Mariakani, Mombasa, na likifika Malindi halina akiba tena.

Kwa upande wa pili, baridi kupita kiasi nayo ina gharama. Kenya iliacha petroli ya risasi mwishoni mwa 2005, na uchafu wa risasi kwenye plagi ukaondoka. Masizi hayakuondoka. Gari la kupelekea watoto shule na kukaa kwenye foleni ya Mtwapa halifikishi plagi baridi kwenye nyuzi 450. Litakosa cheche, litakula petroli, na asubuhi litakataa kuwaka.

Kwa hiyo, kama turbo haijaguswa, tia namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama umeongeza msukumo kwa kiasi cha maana, shuka hatua moja ya baridi, kwa NGK mfano kutoka 6 kwenda 7, na upunguze gepu kidogo, maana cheche hupata shida kuruka penye mgandamizo mkubwa. Panga mafuta na wakati wa cheche huku huku pwani, si Nairobi. Kisha fungua plagi uzisome: rangi ya kahawia hafifu ni sawa, nyeusi yenye masizi ni baridi mno au mafuta yamezidi, nyeupe yenye malengelenge ni hatari, simamisha gari.

Plagi ni logi ya injini. Isome kabla hujaibadilisha.