Mỹ Sơn: Mawe Yasemayo na Matofali Yanyamazayo

Bonde la Mỹ Sơn liko katikati ya Vietnam, limezungukwa na milima, na upana wake wapata kilomita 2. Mgeni aingiaye humo hukuta minara ya matofali mekundu, mingine imesimama, mingine imegeuka vifusi vilivyoota majani. Kando yake kuna mashimo ya mviringo ardhini. Hayo ni makovu ya mabomu. Majengo zaidi ya 70 yalijengwa bondeni humo. Yaliyosimama leo hayafiki nusu.

Hapo palikuwa patakatifu pa Wachamu, wenyeji wa ufalme wa Champa, ambao walifuata dini ya Kihindu. Mwishoni mwa karne ya 4, mfalme Bhadravarman alimjengea Shiva hekalu, akamwita mungu huyo Bhadreshvara, na hivyo akafunga jina lake mwenyewe pamoja na la mungu. Hekalu hilo la mbao liliteketea kwa moto. Mfalme Sambhuvarman akalijenga upya, na waliomfuata wakaendelea kujenga hadi karne ya 13.

Husemwa mara nyingi kwamba Mỹ Sơn ilitelekezwa. Neno hilo lahitaji kupimwa. Mwaka 1471 mji mkuu wa Vijaya ulitekwa na Wavietnam; mwaka 1832 sehemu ya mwisho ya Champa nayo ikamezwa. Wachamu walisukumwa kusini, na msitu ukarithi bonde. Hata hivyo, huko kusini, katika hekalu la Po Klong Garai, wazao wao wangali wakifanya ibada hadi leo. Basi watu hawa hawakuutupa urithi wao: walitenganishwa nao.

Wafaransa waliyafikia magofu hayo mwaka 1898. Henri Parmentier akayapima na kuyachora kwa uangalifu. Kazi hiyo ilionekana thamani yake baadaye, kwani mwezi wa Agosti 1969 ndege za Marekani zililipiga bonde kwa mabomu, na mnara mkuu, uliozidi mita 20 kwa urefu, ukaporomoka. Tangu mwaka 1981 msanifu Mpolandi Kazimierz Kwiatkowski aliongoza kazi ya kuyaokoa yaliyosalia, hadi alipofariki mwaka 1997. Miaka miwili baadaye UNESCO iliiingiza Mỹ Sơn katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa mwanaisimu, hazina kubwa ya Champa ni maandishi yake. Nguzo za mawe ziliandikwa kwa Kisanskriti na kwa Kichamu cha kale. Si mbali na hapo, Đông Yên Châu, lilipatikana andiko la Kichamu ambalo kwa kawaida huwekwa karne ya 4, na ambalo huhesabiwa kuwa la kale kuliko yote yajulikanayo katika familia nzima ya lugha za Kiaustronesia. Mawe hayo yanasema: yanataja wafalme, miungu, na mali iliyowekwa wakfu.

Lakini matofali yamenyamaza. Yameunganishwa kwa namna ambayo kiungo hakionekani kwa urahisi, na wataalamu wamebishana kwa miaka mingi juu ya gundi iliyotumika. Wengi huelekea kwenye utomvu wa mti. Mfalme aliyetoa shamba aliandikwa. Fundi aliyeshika tofali hakuandikwa. Elimu ya mkono ilipita kwa mdomo, kutoka fundi hadi mwanafunzi wake, na mnyororo ulipokatika hakuna jiwe lililoweza kuunganisha pete zake.

Hapa ndipo Mỹ Sơn inapotugusa sisi tunaochunguza lugha katika Kongo. Misalaba ya shaba ya Katanga imehifadhiwa katika makumbusho, nayo yastahili heshima. Je, maneno ya wafuaji wake yamehifadhiwa vilevile: jina la kila sehemu ya tanuru, la kila hatua ya kuyeyusha, la kila mwiko wa kazi? Chombo kisicho na maneno yake ni nusu ya urithi. Mwanafunzi aendaye kijijini na daftari, akaketi karibu na mfinyanzi au mfua chuma na kuandika istilahi zake, anafanya kazi ambayo Champa haikumfanyia fundi wake. Kazi hiyo haingoji, wazee hawangoji.