Kimya na kelele katika uundaji wa programu za kompyuta

Msikilizaji, kila programu unayoitumia katika kompyuta au simu yako ilianza ikiwa maandishi ya mwanadamu, yaliyogawanywa katika mafaili kadhaa, pengine maelfu. Kuyageuza mafaili hayo yawe programu moja ni kazi ya hatua nyingi, na kila hatua ina lake la kusema. Je, ni mangapi kati ya hayo mwandishi wa programu anapaswa kuyasikia? Swali hilo lina umri wa takriban nusu karne.

Chimbuko lake ni maabara za Bell, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, mwaka 1976. Mtafiti Stuart Feldman alijiwa ofisini na mwenzake, Steve Johnson, aliyekuwa amefura kwa hasira. Johnson alikuwa amepoteza asubuhi nzima akisaka kosa ambalo tayari alikwisha kulisahihisha. Faili lililosahihishwa halikuwa limefasiriwa upya kwa lugha ya mashine. Feldman naye alikuwa amepatwa na mkasa wa aina hiyo jioni iliyotangulia. Ndipo akaunda Make, programu inayosoma faili la maelekezo, ikatambua kilichobadilika na kuamrisha hatua zinazohitajika tu.

Make ilipewa tabia ambayo ingali nayo: huiandika kila amri kabla ya kuitekeleza. Ukizingatia chanzo chake, tabia hiyo inaeleweka. Aliyepoteza asubuhi kwa sababu ya hatua iliyorukwa hutaka kuona kwa macho yake kwamba safari hii haikurukwa.

Hata hivyo, kuona kulikuwa na gharama. Zama hizo wengi waliwasiliana na kompyuta kwa teletaipu, yaani mashine ya kuchapa karatasini. Teletype Model 33 ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Amri yenye herufi 70 ilichukua sekunde 7, na amri 100 za namna hiyo karibu dakika 12 za kuchapa tu. Si ajabu basi kwamba watumiaji wa Unix waliuenzi ukimya. Feldman akaweka njia mbili: alama ya @ mwanzoni mwa amri huinyamazisha amri hiyo peke yake, na chaguo la -s huzinyamazisha zote. Linalonyamazishwa ni tangazo tu. Amri yenyewe ikishindwa, malalamiko yake husikika.

Mwaka 2000 ilitolewa Ant, iliyoasisiwa na James Duncan Davidson wa kampuni ya Sun Microsystems kwa ajili ya programu za Java. Ant iliacha mtindo wa kunena au kunyamaza, ikapanga ujumbe katika ngazi tano, kuanzia kosa hadi maelezo ya undani kabisa. Kila kazi hutanguliza jina lake katika mabano ili ijulikane nani asemaye. Tena ipo kazi iitwayo record, inayohifadhi maelezo marefu katika faili huku kioo kikionyesha machache. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika historia hii, kwani asomaye leo na atakayechunguza kesho hawana haja moja.

Gradle, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2012, iliongeza ngazi zikawa sita. Kompyuta zilipoanza kutekeleza kazi nyingi kwa wakati mmoja, sauti zilichanganyikana kama soko la samaki alfajiri. Toleo la 4.0 la GNU Make, la Oktoba 2013, likaleta chaguo la kukusanya maneno ya kila kazi na kuyatoa kwa pamoja.

Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Miradi mingi ilikuwa imezoea kufupisha kila amri kuwa jina la faili tu. Kwa wasimamizi wa Debian, wanaosambaza maelfu ya programu huria, ufupisho huo ulikuwa tatizo la usalama. Programu hukingwa dhidi ya wavamizi kwa vigezo maalumu ndani ya amri za kufasiri, na chombo chao kiitwacho blhc hupekua kumbukumbu za uundaji kuhakikisha vigezo hivyo vimetumika. Amri isipoandikwa, hakuna cha kupekua. Mwaka 2018 kanuni za Debian zikataka uundaji useme kwa kirefu kadiri iwezekanavyo, na anayetaka ufupi auombe mwenyewe.