Kipindi cha matazamio kwa wanachama wapya

Kipindi cha matazamio ni muda ambao kikundi humpokea mwanachama mpya lakini humzuilia baadhi ya haki za wenzake: hakopi, hapokei mchango wa msiba, hachaguliwi uongozini, hatumi matangazo kwenye kikundi cha simu. Kusudi lake ni kumzuia anayejiunga ili achukue kisha apotee. Utaratibu huu umeenea Afrika Mashariki, ijapokuwa mara nyingi haukuandikwa popote. Hapa unaelezwa hasa kwa mfano wa Oyugis, mji wa biashara katika Kaunti ya Homa Bay, Kenya, ambako masharti yaliyozoeleka kwenye vyama vya akiba yamehamia kwenye simu na kukutana na adui mpya, ujumbe taka.

Oyugis iko kwenye barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Kisumu, upande wa Kasipul, katika iliyokuwa wilaya ya Rachuonyo, karibu na mpaka wa nchi ya Wakisii. Sokoni husikika Kiluo, Kikisii na Kiswahili kwa pamoja. Viazi vitamu hutoka Kabondo, omena, yaani dagaa, hutoka ziwani, na matatu hazikomi kupakia na kupakua. Ni mji wa njiani. Watu hujuana kwa sura na kwa bidhaa, lakini si kila mtu anajua boma la mwenzake liko wapi, na swali la kwanza la yeyote anayekopesha ni hilo: akitoroka, nitampata wapi?

Jibu la zamani zaidi liko katika mchango wa kuzungushana, ambao Waluo huuita nyoluoro na Wakenya wengine merigoraundi. Chukua wanawake 10 wanaotoa shilingi 500 kila wiki. Kila wiki mmoja wao hubeba shilingi 5,000. Anayebeba wiki ya kwanza ametoa 500 tu. Zile 4,500 zilizobaki amekopeshwa na wenzake bila dhamana, bila riba na bila karatasi. Anayebeba mwisho ndiye aliyekopesha wote. Kwa hiyo mgeni huwekwa mkiani. Akikimbia katikati ya mzunguko, atakuwa amewaachia wenzake fedha zake, wala hakuna aliyeumizwa zaidi yake yeye. Mzunguko wa pili anaweza kupanda hadi katikati, na akishazoeleka huingia kwenye kura pamoja na wengine. Utaratibu huu haumtuhumu mtu wala haumchunguzi nia. Unapanga zamu kwa namna ambayo wizi haulipi, na kwa maoni ya mwandishi huu ndio uzuri wake mkubwa.

Vikundi vya sanduku ni vikali zaidi. Mfumo wake wa kisasa ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, ukaenea hadi Afrika Mashariki, ikiwemo magharibi mwa Kenya. Wanachama kwa kawaida ni kati ya 15 na 25. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti ambao hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Hufunguliwa mbele ya kikao kizima. Kila mwanachama hununua hisa moja hadi tano, na kwa kila hisa hugongwa muhuri kwenye kijitabu chake, ili hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu mali yake kwa kidole. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Baada ya mwaka hivi, fedha zote hugawanywa kulingana na hisa, na mzunguko mwingine huanza. Mlango wa wageni hufunguliwa hapo. Anayetaka kuingia mwezi wa sita huambiwa asubiri mgao, kwa sababu akiingia katikati atagawana faida ya riba ambayo hakuichangia. Mzunguko mpya ukianza, mkongwe na mgeni wana vijitabu vitupu vilivyo sawa. Tofauti iliyobaki ni imani tu.

Katika vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, yaani sacco, matazamio yameandikwa kwenye katiba. Sheria ya Vyama vya Sacco ya mwaka 2008 iliunda mamlaka ya kusimamia sekta hiyo, SASRA, lakini muda wa kusubiri mkopo wa kwanza huamuliwa na chama chenyewe. Kwa kawaida mwanachama huweka akiba miezi kadhaa kwanza, kisha hukopa kwa kipimo cha akiba yake akiwa na wadhamini waliomo chamani. Wadhamini ndio kinga halisi. Mgeni asiyejulikana na mtu hana wa kumtilia sahihi, hata akaunti yake ikijaa.

Vyama vya maziko vina sababu yao ya pekee. Mazishi ya Kiluo hugharimu sana: kumrudisha marehemu nyumbani kutoka Nairobi au Mombasa, jeneza, turubai, chakula cha waombolezaji kwa siku kadhaa. Anayejiunga na chama huku ana mgonjwa mahututi hospitalini hajaja kuweka akiba. Kwa hiyo vyama hivi humtaka mgeni achangie misiba ya wenzake kwa muda fulani kabla msiba wake haujachangiwa. Kampuni za bima hufanya vivyo hivyo na kuuita muda wa kusubiri. Uchungu uko hapa: kifo hakisubiri. Mtu mwaminifu aliyejiunga mwezi uliopita akafiwa ghafla, kanuni humweka kundi moja na mdanganyifu. Vikundi vingi hutoka kwenye mtego huo kwa kupitisha kofia. Mfuko haufunguliwi, lakini kila mtu hutoa alichonacho mfukoni, na katiba haikuvunjwa.

Waendesha bodaboda nao wana lao. Kijana hawezi kusimamisha pikipiki yake popote atakapo akaanza kubeba abiria. Huletwa na mwanachama, hulipa ada ya steji, yaani kituo chao, na viongozi huchukua nakala ya kitambulisho. Abiria akiporwa, steji nzima hupoteza jina.

Ujumbe taka ulipofika kwenye simu, watu wa Oyugis walikuwa tayari wanajua tatizo lake. Vikundi vya WhatsApp vya harambee ya msiba, ya karo au ya hospitali huundwa kwa saa chache, na kila ambaye namba yake inajulikana huongezwa. Kiini cha kikundi cha namna hiyo ni orodha. Admini huweka jina la tukio, namba ya M-Pesa ya mweka hazina, kisha namba moja, mbili, tatu. Anayetoa hunakili orodha yote, huongeza jina lake na kiasi chini kabisa, na kuirudisha. Mwenzake hunakili ile mpya. Orodha husonga hivyo, mkono kwa mkono, hadi majina 60 au 100. Ni kifaa rahisi na cha wazi, kwa sababu kila mtu anaona nani ametoa nini. Pia ni dhaifu. Tangazo la kazi za Kanada au la mikopo ya dakika tano likitumwa mara sita, orodha huzama, wawili hunakili toleo la zamani, na majina ya watu waliotoa hutoweka. Baya kuliko hilo, mtu asiyejulikana anaweza kunakili orodha nzima, akabadilisha tarakimu za namba ya mweka hazina, akairudisha ikiwa imekamilika kwa kila hali. M-Pesa huonyesha jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka, lakini mwenye majonzi au haraka halisomi.

Kwa muda mrefu WhatsApp haikumpa admini uwezo wa kumnyamazisha mgeni mmoja. Tangu 2018 anaweza kufunga mazungumzo ili maadmini pekee waandike; hapo mgeni na shangazi wa marehemu hunyamazishwa sawa. Baadaye ukaja uwezo wa kuidhinisha anayeingia kwa kiungo. Kampuni yenyewe iliweka breki zake: mwaka 2019 ilizuia ujumbe kusambazwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ule uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukabaki kwa mazungumzo mamoja tu. Breki hizo humpata kila mtu bila kuuliza umri wake kikundini. Ndiyo maana vikundi vilivyo makini vimerudi kwenye desturi ya steji. Anayeingia lazima awe na mtu aliyemleta, ajitaje kwa jina na kwao, na asitume kiungo wala tangazo mpaka azoeleke. Akikosea, aliyemleta ndiye huulizwa kwanza.

Historia ya ujumbe taka huonyesha kwa nini mgeni ndiye hulengwa. Barua pepe ya matangazo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilitumwa Marekani mwezi Mei 1978 na mfanyabiashara wa kompyuta, Gary Thuerk, kwa mamia ya watu kwa mpigo. Aprili 1994 wanasheria wawili wa Arizona, Canter na Siegel, walijaza maelfu ya majukwaa ya Usenet kwa tangazo la bahati nasibu ya kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani. Watu walikasirika mno, lakini wahusika hawakuwa na heshima ya kupoteza mahali ambapo hawakuwa wenyeji. Mwaka 2001 wataalamu Eric Friedman na Paul Resnick walilieleza jambo hilo kwa hesabu za uchumi. Pale ambapo jina jipya ni rahisi kupatikana, wageni wote hulazimika kulipa gharama ya kutoaminiwa, wema kwa wabaya, kwa sababu mwovu aliyefukuzwa atarudi kesho kama mgeni. Wikipedia ya Kiingereza huitoza gharama hiyo kwa kiwango kidogo: akaunti iwe na siku 4 na marekebisho 10 ndipo iruhusiwe kuanzisha makala moja kwa moja. Kenya imejaribu kulifanya jina lenyewe kuwa ghali, kwa kuagiza kila laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho. Kampeni moja kubwa ilifanywa mwaka 2022.

Gharama hiyo haigawanyiki sawasawa, na hapa ndipo vikundi vinapaswa kujikagua. Waluo huoa nje ya ukoo, na mke huhamia kwa mumewe. Kwa hiyo mgeni wa kawaida kabisa katika vikundi vya akina mama vijijini Kasipul ni mke aliyeolewa karibuni, ambaye mara nyingi ndiye mwenye shida kubwa ya fedha: mtoto mchanga, nyumba isiyokamilika, biashara isiyo na mtaji. Kumweka mkiani mwa mzunguko kwa mwaka mzima ni kumkopesha kila mtu kutoka mfukoni mwake yeye. Matazamio ya haki yana tarehe ya mwisho inayojulikana siku ya kwanza, na kipimo ambacho mgeni anaweza kukitimiza mwenyewe, kwa mfano idadi ya vikao alivyohudhuria au michango aliyotoa kwa wakati. Matazamio yanayokwisha pale viongozi watakapopenda huzaa watumwa wa kikundi, wanaotoa miaka nenda miaka rudi na kukopa mwishoni, ikiwa watakopa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 huvitaka vikundi viwe na katiba, na hapo ndipo muda huu unapostahili kuandikwa.

Kuna hatari ambayo matazamio hayaigusi kabisa, nayo ni mwenyeji. Mnamo Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiendelea, David Kobia alilazimika kufunga jukwaa lake la mtandaoni la Mashada, lililokuwa mashuhuri kwa Wakenya wa ndani na nje, kwa sababu ya chuki iliyomwagwa humo. Hakuna muda wa kusubiri ambao ungeizuia chuki ya watu waliokwisha kuaminiwa. Vivyo hivyo kwenye vyama vya akiba, mwenye ufunguo huweza kuleta hasara kubwa kuliko mgeni yeyote. Na kwenye simu, mwenyeji huweza kuwa mtu mwingine: akaunti ya mwanachama wa miaka mingi ikitekwa, tapeli huandika kwa jina na picha inayoaminiwa, na masharti yote ya mgeni hupitwa bila kuguswa. Kwa hiyo namba ya mweka hazina huwekwa kwenye maelezo ya kikundi, mahali ambapo maadmini pekee wanaweza kuibadilisha, na anayeona namba tofauti kwenye orodha humpigia mweka hazina amsikie sauti kabla ya kutuma shilingi.