Kujua kilichomo kwenye chupa ya dawa ya shamba kwa kutumia PubChem

Wasikilizaji wa kipindi cha wakulima hutuuliza mara kwa mara: nimenunua dawa ya viwavi, jina ni geni, muuzaji anasema ni kali, je, ndani mna nini? Jina kubwa lililo mbele ya chupa halijibu swali hilo. Ni jina la biashara tu, na kila kampuni hujichagulia lake. Jibu liko kwenye maandishi madogo ya lebo, panapotajwa kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua mdudu. Jina hilo ndilo la kutafuta kwenye PubChem.

PubChem ni kanzidata ya kemikali iliyoanzishwa mwaka 2004 na kutunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ina kemikali zaidi ya milioni 100. Hujisajili wala hulipi, gharama ni bando lako. Tatizo ni kwamba iko kwa Kiingereza, kwa hiyo mwite kijana wa sekondari akae karibu.

Tuchukue chupa iliyoandikwa chlorpyrifos 480 EC. Maana yake kila lita ina gramu 480 za kemikali hiyo, na dawa ni ya kimiminika kinachogeuka cheupe kama maziwa ukikitia kwenye maji. Fungua pubchem.ncbi.nlm.nih.gov, andika jina la kemikali kwenye kisanduku cha kutafutia, ukinakili herufi kwa herufi. Sisi mara ya kwanza tuliongeza "o" katikati, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kulitamka. Kama lebo ina namba ya CAS, andika hiyo badala ya jina. Ya kemikali hii ni 2921-88-2. Ukurasa wenyewe una utambulisho CID 2730.

Ukurasa ni mrefu na michoro ya kikemia itakuchosha. Ipite. Tafuta alama za hatari: hapa utaona fuvu na mifupa, maana yake ni sumu kwa mtu, na samaki aliyekufa kando ya mti mkavu, maana yake usioshee bomba mtoni. Maelezo zaidi yako chini ya kichwa Safety and Hazards.

Utasoma pia kuwa chlorpyrifos ni ya kundi la oganofosfeti. Kundi hili hukwamisha kimeng'enya kinachotuliza neva, kwa mdudu na kwa mtu vilevile. Aliyedhurika hutoka jasho na mate mengi, mboni za macho husinyaa, misuli hutetema, na kupumua kunakuwa kwa shida. Akikimbizwa hospitali, chupa au lebo iende naye, maana daktari anahitaji jina la kemikali.

Faida nyingine ni mfukoni. Mkulima akiona viwavi hawafi, hununua chupa nyingine yenye profenofos akidhani amebadili dawa. Itafute nayo: ni oganofosfeti vilevile, inaua kwa njia ileile. Mdudu aliyezoea ya kwanza anaweza kuistahimili ya pili, na ukizichanganya umejiongezea sumu tu.

PubChem haitakwambia upime kiasi gani kwa bomba lako wala usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Hayo yako kwenye lebo. Haitakwambia pia kama dawa imesajiliwa nchini. Hapa Tanzania ulizia TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, au bwana shamba wako. Kwa chlorpyrifos ni muhimu kuuliza, kwa sababu Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiondoa, zikibakiza ruhusa kwa matumizi machache.

Piga picha ya lebo siku unayonunua. Ikishalowa mara mbili tatu, yale maandishi madogo ndiyo hufutika kwanza.