Faharasa, Fonti na Kompyuta Inayohema

Muhula uliopita, wiki ya kuchapa mitihani, kompyuta kuukuu ya idara yetu hapa Uganda ilianza kuhema. Feni ilivuma na herufi zikachelewa kutokea kwenye skrini. Mwanafunzi aliyekuwa akinisaidia alifungua orodha ya kazi za mashine, tukakuta programu ya kutafuta faili imekamata karibu nguvu yote ya prosesa. Ilikuwa ikichambua folda tulimohifadhi mamia ya fonti. "Mwalimu, tuzifute tu hizi," alisema. Nilimzuia. Sababu yangu inatokana na historia, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Faharasa ni kazi ifanywayo mapema ili kazi ya baadaye iwe nyepesi. Katika karne ya 13, watawa wa Kidominiko mjini Paris, wakiongozwa na Hugues de Saint-Cher, walitayarisha faharasa ya maneno ya Biblia ya Kilatini. Kila neno liliwekwa kwa mpangilio wa alfabeti, na mbele yake pakaonyeshwa mahali lilipotokea. Walioiandaa walitoka jasho jingi, lakini msomaji aliyetafuta neno alilipata upesi. Akiba haiozi.

Kompyuta zilirithi mbinu hiyohiyo. Mwaka 2004 Google ilitoa Google Desktop, ambayo iliisitisha mwaka 2011. Apple ilitoa Spotlight mwaka 2005, na Microsoft ikaimarisha utafutaji wa namna hiyo ndani ya Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007. Badala ya kusoma diski nzima kila mtu anapouliza swali, programu hizi hupitia faili moja baada ya nyingine, huchuma maneno na kuyaweka katika faharasa. Faili ya maandishi matupu haisumbui, kwani maneno yake yako wazi.

Fonti ni jambo jingine. Enzi za Gutenberg, katika karne ya 15, herufi ya kuchapia ilikuwa kipande cha madini. Teknolojia ya PostScript ya Adobe, iliyotolewa mwaka 1984, iliifanya herufi kuwa hesabu za mistari iliyonyooka na iliyopinda. Ikafuata TrueType ya Apple mwaka 1991, kisha OpenType, iliyotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996. Faili moja ya aina hii inaweza kubeba maelfu ya maumbo. Ndani yake mna majedwali: moja la maumbo yenyewe, jingine la kuoanisha namba ya kila herufi na umbo lake, na jingine la jina la fonti, mtengenezaji na hakimiliki. Mtengeneza faharasa anayahitaji majina tu, lakini hana budi kufungua faili na kufuata majedwali. Fonti ikiwa imeharibika, programu inaweza kukwama au kurudia kazi ileile. Ni sawa na kupepeta gunia la pumba kwa ajili ya punje chache za mchele.

Katika Linux swali linaloulizwa ni zito zaidi. Fontconfig, iliyoanzishwa na Keith Packard mwanzoni mwa miaka ya 2000, hukagua kila fonti ina herufi zipi, kisha huzilinganisha na orodha za herufi za lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Jibu huhifadhiwa ili kazi isirudiwe. Ndiyo maana mzigo huonekana zaidi pale fonti nyingi mpya zinapoingizwa kwa pamoja.

Kwa nini basi nilimzuia mwanafunzi wangu? Kiswahili huandika ng' kwa ritifaa, lakini Luganda ina herufi ŋ. Kabla Unicode haijaenea, baadhi ya watu walitengeneza fonti zilizoweka herufi kama hiyo mahali pa alama nyingine. Hati iliyochapwa hivyo, ukiifungua bila fonti yake, huonyesha alama isiyohusika. Folda yetu ilikuwa na fonti za aina hiyo, pamoja na za herufi za Kiarabu tunazotumia kunakili tenzi za kale. Baadhi yake hatuna nakala nyingine. Kuzifuta kungezigeuza kazi za miaka mingi kuwa mafumbo.

Tulichofanya ni kuiagiza programu iiruke folda ile. Fonti haihitaji kuwa katika faharasa ya utafutaji ili itumike kuchapia. Feni ikatulia, na mitihani ikachapwa siku hiyohiyo.

Walimu wenzangu na wanafunzi, kompyuta inapohema tuulize kwanza inafanya kazi gani, na kwa faida ya nani. Kisha tuiondolee kazi isiyo na tija, tusitupe herufi za lugha zetu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.