Ukumbusho: Picha na Historia Mjini Lubumbashi

Katika Kiswahili sanifu neno ukumbusho lina maana finyu: ni kitu kinachowekwa ili mtu au tukio lisisahauliwe, kama vile mnara au zawadi ya kuagana. Wachoraji wa Lubumbashi na wateja wao walilipa maana pana zaidi katika miaka ya 1970. Kwao picha iliyostahili kununuliwa ilikuwa ile yenye ukumbusho, yaani iliyomfanya mtazamaji awaze na, baada ya kuwaza, asimulie. Uzuri wa rangi ulifuata nyuma.

Picha hizo hazikukusudiwa watalii. Zilichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, zikauzwa kwa bei nafuu kwa watu wa mishahara, nao wakazitundika sebuleni. Mchoraji aliirudia picha ile ile kila ilipotakiwa. Mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye humpa mtu utajiri kwa masharti mazito, alipendwa sana. Vivyo hivyo picha iitwayo Colonie Belge: askari Mwafrika amchapa mfungwa viboko huku ofisa wa Kibelgiji akitazama. Mtu aweza kustaajabu kwa nini mfanyakazi atoe fedha zake kununua picha ya fedheha yake mwenyewe. Lakini mgeni aliyeketi chini ya picha ile alikuwa na la kusema, na mtoto alikuwa na la kuuliza. Tena, chini ya utawala wa Mobutu, kilichochorwa kama jambo la kale kiliweza kusomwa kama habari ya siku ile, pasipo yeyote kutamka neno la hatari.

Aliyeipeleka mbali zaidi kazi hii ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Yeye hakuridhika kuitwa mchoraji. Alijihesabu kuwa mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha mji huo, picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia ya nchi yake tangu kabla ya ukoloni. Mojawapo yahusu wafanyakazi wa Union Minière waliogoma na kupigwa risasi mwezi Desemba 1941. Nyingine yaonyesha maiti za Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961, na nyuma yao misalaba mitatu. Mkristo yeyote wa Katanga aliielewa bila kufafanuliwa.

Yafaa wanaisimu watazame jambo moja hapa. Maandishi yaliyomo ndani ya picha ni ya Kifaransa aghalabu, lugha ya serikali na shule. Maelezo aliyoyatoa Tshibumba kwa kinywa, yaliyonaswa katika kanda, ni ya Kiswahili. Picha ilikuwa na midomo miwili, na ule wa Kiswahili ndio uliosema kwa urefu. Hata hivyo Kiswahili hicho ndicho ambacho wengi wetu wa pwani na wa bara ya Kenya tumezoea kukiita kibovu, kwa sababu ngeli zake hazilingani na zetu. (Kwa hakika hata jina la jimbo hilo lilikuwa Shaba tangu mapema miaka ya 1970 hadi 1997, neno la Kiswahili kamili.) Mwalimu anayekipuuza kwa sababu ya sarufi yake aipuuza pia historia iliyotungwa ndani yake, na historia hiyo haina tafsiri asilia mahali pengine.

Kitabu cha Fabian juu ya picha hizo kilitoka mwaka 1996, kwa Kiingereza. Tshibumba hakukiona, kwa kadiri ijulikanavyo: habari zake zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha zenyewe zimo Amsterdam, katika jumba la makumbusho.